MCHEZA KWAO HUTUNZWA: Uhakiki wa Ufadhili wa Sanaa za Maonyesho na Hifadhi ya Urithi katika Pwani ya Afrika Mashariki

Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" ni miongoni mwa methali za Kiswahili zinazotajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Aghalabu hutumiwa kumsifu mtu aliyebaki kufanya kazi kwa watu wake, au kumwonya yule anayetafuta heshima ugenini. Maana hizo ni za haki, lakini haziyamalizi yaliyomo. Kwa maneno matatu tu methali hii imebeba nadharia kamili ya uhusiano baina ya msanii, mahali na mali. Nayo nadharia hiyo inastahili kuwekwa kando ya mfumo mwingine ambao, katika muda wa miaka sitini na zaidi, umekuwa nguzo kubwa ya sanaa na urithi wa pwani ya Afrika Mashariki, yaani mfumo wa ufadhili.

Kwa ufadhili makala haya yanakusudia ruzuku zinazotolewa na mashirika ya hisani, balozi na serikali za nje kwa ajili ya sanaa za maonyesho na hifadhi ya majengo ya kale. Kwamba ruzuku hizo zimefanya mema si jambo la kubishaniwa. Swali la mhakiki si kama fedha zilifika, bali zilifika kwa sura gani, na zilipofika zilihamisha nini. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba ufadhili umezitenga kazi mbili ambazo lugha ilikwisha kuziunganisha katika kitenzi kimoja, na kwamba katika kuzitenga umempokonya msikilizaji haki yake ya kuihukumu sanaa inayochezwa mbele yake.

Kitenzi na Maana Zake

Kitenzi -tunza kina maana mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kuangalia kitu kisiharibike: mtu hutunza mtoto, hutunza nyumba, hutunza siri. Ya pili ni kumpa zawadi mtu aliyefanya jambo vizuri, hasa mchezaji ngoma au mwimbaji. Ndiyo maana ya jina tunzo, ambalo wengi hulitamka tuzo. Mtunga kamusi aweza kuamua kuziorodhesha maana hizi mbali mbali, na pengine ana sababu zake. Methali lakini haikuzitenga. Anayecheza kwao huangaliwa na hupewa zawadi kwa tendo lile lile, kwa sababu zawadi ndiyo inayomwezesha kuendelea, na kuendelea kwake ndiko kuhifadhiwa kwa ngoma yenyewe.

Mambo mengine mawili ya kisarufi yafaa yazingatiwe. Kwanza, kiambishi hu- kinaonyesha hali ya mazoea, jambo lisilofungwa na siku wala mwaka. Methali haikusema "ametunzwa" wala "atatunzwa". Pili, kauli ni ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Hasemwi anayetunza ni nani, si kwa kuwa hajulikani, bali kwa kuwa jina lake halihitajiwi: ni watu wa pale. Hao wamekwisha kutajwa ndani ya neno "kwao", ambalo ni la wingi hata mcheza anapokuwa mmoja. Mtu huwa na nyumba yake, nayo huitwa kwake. Kwao ni pahala pa jamaa zake wote, waliopo na waliokufa.

Basi hapa pana vipimo vitatu vya kuhakikia utoaji wowote kwa ajili ya sanaa na urithi: mcheza anamchezea nani; kwao ni kwa nani; na kutunzwa kwake kunadumu muda gani.

Mcheza

Historia ya taarab ya Unguja inatoa mfano mwema wa kipimo cha kwanza. Kwa mujibu wa mapokeo, muziki huu ulipata nguvu katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye anasemekana kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ala. Mfadhili alikuwa mmoja, naye alikuwa kasrini. Na nyimbo zilizopendelewa pale zilikuwa za Kiarabu. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, na hapo gharama za muziki zikaanza kubebwa na wanachama wenyewe. Lakini badiliko kubwa la lugha lilikuja na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye sauti yake ilienea pwani nzima katika santuri zilizorekodiwa Bombay tangu mwaka 1928. Msomaji wa Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert, anajua jinsi mwanamke huyo alivyotoka katika umaskini hadi kuwa fahari ya watu wake. Funzo lililomo kwa mwanaisimu ni hili: alipokuwa mlipaji ni kasri, wimbo ulisema lugha ya kasri, walipokuwa walipaji ni wasikilizaji wa mitaani na wanunuzi wa santuri, wimbo ulisema Kiswahili. Fedha ina lugha yake, na wimbo huifuata.

Katika taarab ya hadhara kutunza ni tendo lenye utaratibu. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomgusa msikilizaji, msikilizaji huyo huinuka, huenda mbele polepole akicheza kidogo, akamkabidhi mwimbaji noti mbele ya watu wote, kisha akarudi kitini. Ubeti haukuchaguliwa ovyo. Huenda anayetunza ana jirani aliyemkosea, au mpenzi aliyemwacha, au deni la shukrani. Kwa noti ile anaufanya ubeti kuwa wake na kuwajulisha waliohudhuria kwamba amewaelewa mtunzi na mwimbaji. Kwa hiyo zawadi hii ni uhakiki. Inasema ni mstari gani umetimia, na kwa nani. Na ubeti usiotunzwa nao umehakikiwa.

Sasa na tuutazame utoaji wa ruzuku. Msanii anayeomba ruzuku huandika kwanza maelezo ya kazi ambayo hajaifanya, aghalabu kwa Kiingereza, akiyaelekeza kwa kamati ambayo huenda haijui hata neno moja la nyimbo zake. Anaeleza malengo, idadi ya watakaonufaika, na namna matokeo yatakavyopimwa. Hukumu hutolewa kabla ya onyesho. Watazamaji watakapokuja, kazi imekwisha kulipiwa. Makofi yao ni mapambo, na ukimya wao haumpunguzii mtu kitu. Tangu miaka ya 1980, na zaidi katika miaka ya 1990, maonyesho mengi ya jukwaani na ya uwanjani katika Kenya na Tanzania yametayarishwa kwa njia hii, juu ya mada zilizochaguliwa mapema: UKIMWI, uzazi wa mpango, maji safi. Mada hizo ni nzito na zimeokoa maisha. Kasoro haimo katika mada. Imo katika ukweli kwamba tamthilia ambayo jibu lake limeandikwa katika fomu ya maombi haiwezi kumwuliza mtazamaji swali la kweli, na mtazamaji hulitambua jambo hilo haraka. Hakuna anayeinuka kuitunza.

Neno lenyewe "mradi" limebeba onyo. Kwa upande mmoja ni kazi iliyopangwa. Kwa upande mwingine, katika matumizi ya kila siku, ni sharti: jambo litakuwapo mradi lile jingine lipo. Sanaa iliyogeuzwa mradi ipo mradi fedha zipo.

Kwao

Kipimo cha pili kinahusu mahali, na hapa mifano ya majengo ndiyo inayofaa zaidi. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958, ndipo ruzuku ya Wakfu wa Calouste Gulbenkian, wenye makao yake Lisbon, ilipowezesha kutengenezwa kwa ngome hiyo na kufunguliwa kwa makumbusho mwaka 1960. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, jengo la zamani la dispensari lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 lilifanyiwa ukarabati na shirika la Aga Khan la utamaduni, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1996. Jumba la Maajabu, ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, lilikuwa likikarabatiwa kwa fedha za serikali ya Oman wakati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Ukiiweka mifano hii mitatu pamoja, umbo moja hujitokeza. Fedha za Lisbon zilikuja kwenye ngome ya Wareno. Fedha za Aga Khan zilikuja kwenye jengo la tajiri wa Kiismailia. Fedha za Oman zilikuja kwenye jumba la Sultani wa ukoo wa Oman. Si haki kudai kwamba umbo hili halina ubaguzi hata mmoja. Shirika la Aga Khan, kwa mfano, lilikarabati pia bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, ambayo ni baraza ya watu wote. Wala si dhambi mtu kulikumbuka kaburi la babu yake. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: ikiwa kila mtoaji anatafuta sura yake katika kioo cha pwani, ni nani atakayetafuta sura ya mvuvi, ya mtumwa, ya fundi aliyechonga milango? Nyumba ya udongo na makuti haina jamaa tajiri ng'ambo. Neno "kwao" katika methali limegeuzwa maana: pahala pa watu wa mcheza pamekuwa pahala pa watu wa mtoaji.

Mfano wa dispensari una funzo la ziada. Jengo lile lilianza kwa nia ya hisani, ili wagonjwa maskini wapate tiba. Nalo kwa miaka mingi lilitoa dawa. Ukarabati uliziokoa roshani zake zilizonakshiwa, na kazi ya mikono ya mafundi ikaonekana tena kwa uzuri wake wote. Kilichohifadhiwa ni mbao na chokaa za hisani ile. Hisani yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, maana hospitali za mji zilikuwa zimehamia kwingine. Hata hivyo, tukio hilo linabainisha kile ambacho hifadhi ya majengo yaweza kukifanya na kile isichokiweza. Jengo huokolewa kwa fedha. Desturi iliyolizaa jengo huokolewa kwa watu wanaoendelea kuishi humo.

Na watu hao wanahitaji kubaki. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Sifa hiyo ilileta wageni, na pamoja na wageni ikaja bei. Katika Lamu, na zaidi katika kijiji jirani cha Shela, nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na watu kutoka nje na kutengenezwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Kuta zimepona, lakini mwenyeji aliyeuza nyumba ya ukoo ili ajenge pembezoni mwa mji hatachezea tena ua ule harusi ya binti yake. Kwa kipimo cha methali, huyo si mcheza kwao tena, ijapokuwa "kwao" pamepakwa chokaa mpya. Wahenga walisema "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji ahame.

Hu-: Swali la Muda

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004 na kuwakusanya wanamuziki wa Afrika nzima katika Ngome Kongwe, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu wafadhili hawakutosha. Lilirejea mwaka uliofuata. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kuwafundisha vijana taarab na ala zake, kilifika mwaka 2019 katika hatari ya kufungwa baada ya misaada kupungua. Taasisi hizi mbili zilisifiwa na wengi na zilikuwa na watu hodari. Kilichokosekana si ubora. Kilichokosekana ni ile hu- ya methali.

Hapa lugha inatoa msaada mwingine. Shirika la hisani lenye mtaji wake, katika Kiswahili cha siku hizi, huitwa wakfu. Neno hilo si geni pwani. Katika sheria ya Kiislamu mwekaji wakfu huitoa mali yake, iwe nyumba, shamba au duka, akaifunga kwa ajili ya jambo jema: kutunza msikiti, kulisha mayatima, kufundisha watoto. Tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Ni mapato yake tu yanayotumiwa. Mwekaji anaruhusiwa kutoa masharti mwanzoni, lakini hawezi kugeuka mwaka wa tatu na kusema kwamba mkazo wake umebadilika. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mali ya wakfu wa aina hii.

Linganisha basi. Wakfu wa Lisbon, wa New York au wa Geneva kwa kweli ni mali iliyofungwa: mtaji wake hukaa, huzaa, na hudumu kizazi baada ya kizazi. Lakini udumifu huo hukaa kwa mtoaji. Kinachosafiri kuja Mombasa, Lamu au Unguja ni ruzuku ya mwaka mmoja au mitatu. Wakfu uko kwao. Mradi uko kwetu. Hiyo ndiyo tofauti ambayo neno moja limeificha, na mhakiki wa lugha ana wajibu wa kuifichua. Shirika linaloitwa wakfu kwa Kiswahili na lisiache nyuma yake mtaji wowote uliofungwa kwa ajili ya Waswahili limeazimwa jina ambalo bado halijalistahiki.

Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba hoja hizi zinawapamba wenyeji kupita kiasi. Pingamizi hilo lina uzito. Kutunza nako kuna maradhi yake: mwimbaji anayetazama noti huweza kuacha utungo wa maana akajaza mipasho na majina ya matajiri waliohudhuria. Chama na serikali navyo ni watunzaji wa nyumbani, na vikundi kama Tanzania One Theatre, kilichofungamana na Chama cha Mapinduzi, vimeonyesha kwamba mlipaji wa karibu anaweza kuuelekeza wimbo sawasawa na mlipaji wa mbali. Mali za wakfu pia zimeonja uzembe. Nyumba kadhaa zimeoza kwa kuwa kodi zake hazikutosha hata kulipia chokaa. Tena noti za wasikilizaji, hata zikiwa nyingi namna gani, haziwezi kuinua mnara wa Jumba la Maajabu.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka bara, ambako methali hii ilijaribiwa kwa moto. Katika kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili, na mwaka 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ambayo wanakijiji wenyewe waliisahihisha lugha yake ya Kikuyu wakati wa mazoezi. Hapo mcheza alicheza kwao kikamilifu. Leseni iliondolewa mwezi Novemba mwaka ule ule, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Ni dhahiri kwamba "kwao" si pahala pa amani siku zote. Pana wenye nguvu ambao hawataki kusikia. Kuna nyakati ambapo fedha ya mbali humpa msanii kivuli ambacho jirani yake hawezi kumpa.

Yote haya ni kweli, lakini hayaibatilishi hoja. Yanaionyesha mipaka yake. Kamiriithu haikuanguka kwa kukosa watunzaji. Iliangushwa kwa sababu watunzaji walikuwa wengi mno. Hapana ruzuku iliyowahi kuitia dola hofu kama ile. Na ikiwa wasikilizaji hawana uwezo wa kuinua mnara, bado wanao uwezo wa kusema mnara upi uinuliwe kwanza, na ndani yake pafanywe nini.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba kitenzi -tunza kinaunganisha kuhifadhi na kuzawadia kwa sababu anayetoa yupo, anaielewa kazi, na haondoki. Ufadhili wa kisasa umevitenga: unahifadhi jengo bila mchezaji, unamlipa mchezaji bila msikilizaji, na unatoa kwa muda kile kinachohitaji kudumu. Tiba yake si kukataa fedha. Anayekataa fedha za ukarabati wakati roshani zinaanguka juu ya wapita njia hana hoja. Ana kiburi tu.

Tiba ni kudai fedha hizo zije kwa sura nyingine. Kwanza, maombi na hukumu za sanaa ya Kiswahili zifanywe kwa Kiswahili, na katika kamati wakae watunzi, waimbaji na wasikilizaji wa siku nyingi, ambao wanaweza kusema ubeti huu umetimia na ule haukutimia. Pili, kila jengo linalookolewa liwekewe pamoja na ukarabati wake haki ya wakazi na wasanii kulitumia, ili chokaa isiwe sababu ya kuhama. Tatu, badala ya miradi mitano ya miaka mitatu, mtoaji aombwe kuacha mtaji mmoja uliofungwa, wenye waangalizi wa hapa na hesabu zinazosomwa hadharani.

Katika kazi hiyo idara za lugha za Afrika hazina ruhusa ya kukaa kando. Wanaojua kwamba hu- si ta-, na kwamba kwao si kwake, ndio wanaopaswa kuketi na wenye vyama vya taarab na waangalizi wa majumba pale barua ya maombi inapoandikwa, kabla haijatiwa sahihi.